Kilicho Mkononi mwa Mpagazi

Novemba 1873, msafara wa watu wapatao 60 ulikwama Kasekera, mashariki ya Tabora. Katika mizigo yao mmoja ulikuwa maiti. David Livingstone alikuwa amefariki mwanzoni mwa Mei katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, na watumishi wake, wakiongozwa na Abdulla Susi na James Chuma, wakaamua bila amri ya mtu yeyote kumrudisha pwani. Moyo waliuzika palepale chini ya mti. Mwili wakaukausha kwa chumvi na jua kwa wiki mbili, wakauviringisha ndani ya gome la mti na turubai, wakaanza kutembea.

Wenyeji wa Kasekera walipogundua kilichobebwa, walikataa katakata maiti ipite nchini kwao. Kulazimisha kwa bunduki kungeleta vita ambayo msafara ule usingeishinda. Basi akina Susi wakajifanya wamekubali kushindwa: walitangaza kwamba marehemu anarudishwa Unyanyembe, nchi inayozunguka Tabora, akazikwe huko. Usiku wakaufungua mwili, wakaufunga upya ukawa mfano wa robota la merikani, nguo iliyokuwa ikibebwa na kila msafara. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo hadi yakafanana na maiti, na watu sita wakayabeba kwa huzuni kuelekea magharibi. Walipofika mbali porini, waliyatupa mabua moja moja, wakaficha nguo, wakapenya vichakani kurudi kwa wenzao. Robota likapita kijijini mchana kweupe. Februari 1874 likafika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London.

Wiki chache kabla ya Kasekera, msafara huohuo ulikuwa umetua Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, ambako Livingstone mwenyewe aliwahi kukaa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Pale walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, mgonjwa wa homa. Cameron aliwashauri wamzike hapohapo. Wakamsikiliza, wakakataa. Akafungua masanduku ya marehemu akachukua vifaa vya kupimia alivyovitaka. Hilo halikuwapendeza, lakini kulizuia hawakuweza. Wakaliacha likapita, wakashika lile lililowatoa Chitambo.

Kwa zaidi ya karne moja habari hii imesimuliwa kama hadithi ya utiifu: watumishi waaminifu na bwana wao. Mimi naona ndani yake kitu kikubwa kuliko utiifu. Hawa walikuwa watu wenye uwezo mdogo kuliko wote waliokutana nao njiani. Hawakuwa na cheo wala fedha, na barua ya serikali ya kuwalinda hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni jicho la kutenganisha: hapa mkono wangu unafika, pale haufiki. Jicho hilo halikuzuka siku moja. Lilikuwa ujuzi wa barabara nzima, na Tabora ndiyo iliyokuwa shule yake.

Vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa enzi zile vimejaa malalamiko juu ya wapagazi. Wakaidi, wavivu, washirikina, watu wa liwalo na liwe. Richard Burton alitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 akaingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, na karibu kila hatua alikuwa akigombana na wabebaji. Lakini ukiyasoma malalamiko hayo kwa makini, unachokiona ni wafanyakazi waliojua wanachokidai. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika utafiti alioutoa mwaka 2006 kuhusu kazi ya upagazi, amewaeleza Wanyamwezi wa njia hii kama vibarua wa mshahara wenye desturi zao za kazi, waliojadili mikataba na kugoma ilipokiukwa.

Tazama mambo yaliyokuwa mikononi mwao. Uzito: mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na zaidi kidogo, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu na chakula. Tajiri aliyezidisha alikuta mzigo umewekwa chini na mwenyewe amekaa kando. Posho: kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo ya kununulia. Majira: Mnyamwezi alishuka pwani baada ya mavuno, na mvua zilipokaribia alitaka kuwa shambani kwake; aliyemhitaji wakati wa kulima alilipa zaidi au alisubiri. Hata kutoroka kulikuwa na ada yake, kwani anayeondoka aliuacha mzigo wa tajiri.

Mbele ya wote alitembea kirangozi, kiongozi wa njia, amevaa nguo nyekundu na ngozi ya mbega mwenye nywele ndefu nyeusi na nyeupe. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Burton anaeleza kwamba aliyethubutu alichomolewa mshale mmoja kwenye podo lake, na safari ya siku ilipoisha mshale ule ulikuwa ushahidi wa kumtoza faini. Kanuni ndogo kama hiyo huonekana ya kitoto ukiitazama kutoka juu ya punda. Kwa mtu aliyebeba kilo 30 kichwani ilikuwa na maana kubwa: mwendo uliamuliwa na mtu anayebeba kama yeye, wala haukuamuliwa na tajiri mwenye haraka zake.

Na yako mambo ambayo hawakuyashika kamwe. Ndui. Njaa. Hongo ambayo watemi wa Ugogo waliitoza wapendavyo. Mgunda Mkali, pori lisilo na maji kati ya Ugogo na Unyanyembe, ambako msafara ulipiga tirikeza, yaani uliondoka jua likiwa utosini na kutembea hadi usiku ili maji yasiwaishie. Bei ya pembe Unguja. Vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilipoanza mwaka 1871, njia ya Ujiji ilifungwa na hakuna mgomo wa wapagazi ambao ungeifungua.

Lazima pia isemwe kwamba barabara hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo na makongwa. Chuma mwenyewe, Myao, alikuwa mtoto wa kundi la mateka lililokombolewa mwaka 1861 katika bonde la Shire. Mtumwa njiani hakuchagua mzigo, mwendo wala kituo. Kumwambia mtu kama huyo habari za kujiamini ni kumtukana. Tunapozungumza kuhusu hisia ya mtu kuyamudu maisha yake, swali la kwanza ni nani alimwachia nini cha kumudu.

Elimu ya nafsi ya kisasa ililifikia jambo hili kwa mlango mwingine. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani Julian Rotter alichapisha kipimo chenye jozi 29 za kauli. Katika kila jozi unachagua moja: je, yanayokupata yanatokana na juhudi zako, au yanatokana na bahati, majaliwa na wenye nguvu? Anayeegemea juhudi zake huhesabiwa kuwa uongozi wa maisha yake uko ndani yake. Anayeegemea bahati, uko nje. Kipimo hicho kimetumika duniani kote, na mara nyingi wale wa ndani wamepewa sifa za uchapakazi, na wa nje wakaonekana watu wa kukata tamaa.

Nina shaka na jozi zile zinapofika kwetu. Mpe mzee wa Tabora karatasi hiyo uone atakavyosumbuka, kwa sababu atataka kuweka alama pande zote mbili. Jitihada haiondoi kudura, husema watu ambao alfajiri hawajawahi kukutwa kitandani. Mkulima husema Mungu akipenda huku ameshachagua mbegu, ameshapiga matuta na ameshamhesabia jirani siku za kusaidiana kulima. Kauli ile inalitaja eneo la mvua na ndege na panya, eneo ambalo kweli si lake. Haigusi jembe hata kidogo. Kipimo kinachomlazimisha achague kimoja kinampokonya nusu ya anachokijua.

Hata dawa ya safari naiona hivyo. Kabla ya kuondoka, msafara ulimwendea mganga, na njiani watu walisoma dalili: ndege aliyelia upande usiotakiwa, mnyama aliyekata njia. Tajiri aliona ushirikina unaompotezea siku. Mimi naona kwamba watu mia moja wasio na sauti rasmi walikuwa na sababu moja ya kusimama ambayo tajiri hakuweza kuipinga kwa hoja wala kwa kiboko. Walioamini waliamini kweli, na sitaki kuwafanya wajanja wasioamini. Lakini imani hiyo iliwapa pumziko ambalo mkataba haukuwapa.

Kosa la upande wa pili, la kudhani unamudu kila kitu, limepimwa vilevile. Mwaka 1975 Ellen Langer, naye Mmarekani, aliuza tiketi za bahati nasibu za dola moja zenye picha za wachezaji wa mpira. Wengine walichagua tiketi wenyewe, wengine walikabidhiwa. Alipotaka kuzinunua tena, waliokabidhiwa walidai wastani wa dola 1.96, waliochagua walidai dola 8.67. Nafasi ya kushinda ilikuwa ileile. Kule kuchagua tu kuliwafanya wahisi bahati iko mfukoni.

Tabora tunalo jaribio kubwa kuliko la Langer, na lilifanyika shambani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki tisa tu, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu kulima karanga, sehemu kubwa Tanganyika. Maeneo ya Tanganyika yalikuwa matatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo, hapo kwenye reli ya Kigoma, katika nchi aliyoitawala Mirambo. Matrekta yakaletwa, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Mvua na udongo havikuwa vimesomwa vya kutosha. Kongwa ardhi ilikauka ikawa ngumu kama saruji na karanga zikagoma kung'oka. Januari 1951 mpango ulivunjwa, pauni zipatazo milioni 36 zimeteketea. Warithi wa wale waliowaita Wanyamwezi watu wa liwalo na liwe ndio waliojitosa bila kuijua vya kutosha mvua ya Urambo.

Mabaki ya mpango huo ndiyo yaliyoleta tumbaku ya mvuke Urambo katika miaka ya 1950, na tumbaku ndiyo inayonirudisha kwenye swali la wapagazi. Leo ukipita Urambo, Kaliua au Sikonge wakati wa mavuno utayaona mabani, vijumba virefu vya matofali visivyo na madirisha, moshi ukitoka. Ndani majani yametungwa kwenye fito, tabaka juu ya tabaka hadi darini. Nje kuna mdomo wa tanuri, na bomba la bati linapeleka joto ndani bila moshi kugusa jani.

Hapo ndipo mkulima anapokuwa bwana kamili. Kwa takribani wiki nzima halali usingizi wa kueleweka. Anaanza na moto mdogo, joto la nyuzi thelathini na kitu, ili jani liwe la njano likiwa bado hai. Akiharakisha kuni, ukijani unagandia ndani ya jani na hautoki tena. Akichelewa, unyevu unalala juu ya jani na kuleta mabaka ya kahawia. Rangi ikishakaa anapandisha joto kidogo kidogo, jani likauke, kisha mwishoni anafika nyuzi 70 ili kikonyo kikauke hadi kiweze kuvunjika. Usiku huo wa mwisho ni wa hatari: moto ukizimika akisinzia, maji yaliyobaki kwenye kikonyo yanarudi kwenye jani na kulitia mstari mweusi. Anachungulia kipimajoto, anaongeza gogo, anavuta majivu, anachungulia tena. Kila alilolitenda anaona jibu lake asubuhi, kwenye rangi. Hakuna mwanasaikolojia wa kumfundisha huyu kwamba matendo yake yana matokeo.

Halafu anafunga marobota, na kuanzia hapo jibu linakatika. Robota linawekwa mstarini, mteuzi anapita, analitia daraja. Daraja lina bei yake, na kwa miaka mingi bei imepangwa kwa dola, kwa hiyo hata thamani ya shilingi ya wiki ile imekuwa na neno lake. Kiasi cha kulima kilishawekwa kwenye makisio kabla ya mvua. Mbolea ilikuja kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na chama kikikopa, wanachama wanabeba deni pamoja. Aliyelala macho wiki nzima kwenye bani anaweza kupokea pungufu kwa sababu mwanachama mwenzake aliuza pembeni. Malipo yenyewe huweza kuchelewa hadi vitalu vya msimu mwingine vimeshamwagiliwa.

Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti ya umeme bila njia ya kuizuia, baadaye walilala chini na kuvumilia hata walipopewa njia ya kuikimbia. Wakasema mnyama amejifunza kutoweza. Mwaka 2016 wawili haohao, baada ya utafiti mwingi juu ya ubongo, waliandika kwamba walikuwa wamelishika jambo kinyume: kulala chini ndiyo hali ya asili mbele ya maumivu yanayoendelea, na kinachojifunzwa ni kumudu. Kiumbe lazima aonje kwamba tendo lake limebadilisha kitu, ndipo ubongo uizime ile hali ya kukata tamaa.

Mimi nikiyasoma hayo naifikiria safari ya robota kutoka bani hadi sokoni. Bani linafundisha kumudu. Mstari wa soko unaweza kulifuta somo hilo kwa asubuhi moja. Kisha anakuja mtu wa semina kumwambia mkulima abadilishe fikra, ajiamini, aache kulalamika. Nakasirika ninaposikia hivyo. Fikra za mkulima wa Kaliua ni nzima. Anapatambua mahali tendo lake linapojibiwa na mahali lisipojibiwa, kwa usahihi kuliko anayemfundisha.

Tabora imewahi kuonyesha mtu afanyeje akibanwa na kanuni asizozitunga. Januari 1958 chama cha TANU kilikutana hapa kuamua kuhusu kura tatu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sharti kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kupiga kura kwenyewe kulihitaji elimu au kipato ambacho wengi hawakuwa nacho. Wajumbe wengi walifika wakitaka kususia. Julius Nyerere, aliyesoma na baadaye kufundisha katika mji huu, aliwaomba washiriki. Sheria ya kura tatu haikuwa mikononi mwao. Lakini sheria haikusema ni Mzungu gani wala Mwasia gani. TANU ikawaunga mkono Derek Bryceson, Lady Chesham, Amir Jamal na wengine waliokubaliana na msimamo wake, na uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959 ukaisha viti vikiwa vya wagombea wa chama hicho na wale kiliowaunga mkono. Zuberi Mtemvu alijitenga akaunda chama chake, na hasira yake ilikuwa ya haki; sharti lile lilikuwa tusi. Waliobaki walikuwa na hasira ileile, wakaipeleka mahali penye upenyo.

Kwa mkulima wa tumbaku upenyo wa namna hiyo upo, na uko karibu kuliko soko la dunia. Upo kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi, pale yanapopitishwa makisio na ukomo wa madeni. Katika mikutano hiyo namba moja kubwa husomwa, ya chama kizima, mikono inanyooshwa, watu wanakwenda kula. Mwanachama anaweza kusimama na kutaka orodha isomwe kwanza jina kwa jina: nani anakopa mifuko mingapi, nani bado anadaiwa ya mwaka jana, na nani aliyekaa mezani kumwidhinisha. Mpagazi wa Unyanyembe asingeinua mzigo ambao hajaupima kwa mikono yake mwenyewe. Orodha ile isomwe, hata kama itachukua alasiri nzima na wali utapoa, na asiyeridhika auweke mkono wake chini.